Sławomir Idziak: kameramani wa Poland aliyeipaka Warsaw kijani, kisha akapewa Mogadishu (uzi mrefu, vuta kiti)

Mzee wa Fremu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Humu tukizungumza filamu tunataja waigizaji, na tukijitahidi sana tunamtaja mwongozaji. Aliyeshika kamera hatajwi mpaka picha itoke na ukungu. Leo namleta mmoja ambaye kazi yake wengi wenu mmeshaiona, jina tu ndilo hamlijui. Umeiona Black Hawk Down? Ni yeye. Harry Potter ya tano, ile ya 2007, umeiona? Ni yeye. Gattaca ya 1997, ile ya kijana anayeazima damu na mkojo wa mwenzake ili akubaliwe kwenda angani? Yeye tena.

Anaitwa Sławomir Idziak. Amezaliwa Januari 1945 mjini Katowice, kusini mwa Poland, mji wa migodi ya makaa ya mawe, kwenye familia ya wapiga picha. Chumba cha giza na harufu ya dawa za kusafishia picha alivikuta nyumbani. Akaenda Łódź kwenye chuo cha filamu, akamaliza 1969.

Hicho chuo nikiseme kidogo maana ndicho mzizi wa habari yote. Kilianzishwa 1948, nchi ikiwa bado na vifusi vya vita. Wamepita pale waongozaji kama Andrzej Wajda, Roman Polański, Krzysztof Zanussi, Krzysztof Kieślowski. Mwanafunzi wa kamera na mwanafunzi wa uongozaji walikua pamoja, wakagombana pamoja, wakafeli pamoja. Wakitoka hapo kameramani haitwi siku ya kupiga ili aambiwe weka taa hapa. Anaitwa hadithi ikiwa bado kwenye karatasi, anaisoma, anaipinga, anapendekeza. Kwenye filamu zao anaandikwa kama mwenye picha, na wanamaanisha.

Usisahau nchi ilikuwa ya kijamaa na filamu zilitengenezwa na dola. Negativu nzuri ya Kodak, yaani ule mkanda wa kupigia, ilihitaji fedha za kigeni, kwa hiyo mita zilihesabiwa. Ukizoea kupiga hivyo, unajifunza kufikiri kabla ya kubonyeza.

Nakuja na sehemu ya pili, acha nichaji simu.

Kibatari

Siti ya mbele hii hapa. Endelea mkuu.

Binti Forodhani

Kaka, Harry Potter ya tano naikumbuka kwa giza lake. Kumbe Mpolandi!

Mzee wa Fremu

Tuendelee.

Miaka ya 70 Idziak akawa mtu wa kundi la waongozaji waliotaka kuonyesha maisha yalivyo, ofisi zilivyo, uongo ulivyo. Mwaka 1976 akapiga Blizna, filamu ya kwanza ndefu ya Kieślowski kwa ajili ya majumba ya sinema. Inahusu kiwanda cha kemikali kinachojengwa mahali ambapo wenyeji hawakitaki, na mkurugenzi mwema anayejikuta katikati. Akafanya kazi nyingi na Zanussi: Constans na Kontrakt za 1980, kisha Rok spokojnego słońca ya 1984, mapenzi ya mjane wa Kipolandi na askari wa Kimarekani baada tu ya vita, iliyochukua Simba wa Dhahabu kule Venice. Kwa Wajda alipiga Dyrygent. Zote picha safi, za mtu anayejua kazi. Ila angeishia hapo nisingefungua uzi.

Jambo lenyewe linaanza na filamu ya Kieślowski ya 1988, Krótki film o zabijaniu, yaani filamu fupi kuhusu kuua. Kijana wa miaka kama ishirini anazurura Warsaw bila shughuli. Anapanda teksi, anamuua dereva. Anashtakiwa, anatetewa na wakili aliyefaulu mtihani juzi juzi, anahukumiwa, ananyongwa. Imeisha. Tukio la kwanza la kuua linachukua dakika kama saba, mtu anakataa kufa, na wewe huruhusiwi kuangalia pembeni. La pili ni la serikali, lina karatasi, saa na padri.

Idziak aliposoma mswada hakutaka kuifanya. Mwisho akakubali kwa sharti moja, aachiwe aipige kwa kijani, na atumie filta zake zote. Jibu la Kieślowski hapa mods watalifuta, ila kwa lugha ya adabu alimwambia: ukitaka kuharibu picha kwa kijani, huo mzigo ni wako.

Sasa filta zenyewe. Filta ya kawaida ni kipande cha kioo au jeli kinachokaa mbele ya lenzi na kubadili rangi ya fremu yote. Idziak alikuwa anatengeneza za kwake kwa mkono. Rangi nzito pembeni, katikati nyepesi. Nyingine inafunika anga tu. Nyingine inafunika nusu ya uso. Matokeo yake Warsaw inaonekana kama chupa ya zamani iliyolala kwenye matope. Kuta, nyuso, mawingu, vyote vina ukijani mchafu, na kingo za fremu zinazama gizani mpaka huoni kilichopo jirani na mhusika. Sehemu ya picha umenyimwa makusudi.

Na hiyo ilikuwa negativu, wakuu. Hakuna cha kurudi nyumbani ukafungua kompyuta ukagredi upya, yaani ukabadili rangi. Ukishaweka filta nzito mbele ya lenzi umeamua, na ukikosea kipimo cha mwanga mchezo umekwisha, kwa sababu filta inakula mwanga.

Kieślowski baadaye alieleza kwamba watu huichukulia kijani kuwa rangi ya majira ya kuchipua na matumaini, ila ukiipitisha kwenye kamera dunia inakuwa katili zaidi na tupu zaidi. Alisimulia pia siku ya kupiga tukio la kunyonga. Chumba ni cha kuigiza, kitanzi cha kuigiza, kila mtu anajua. Lakini magoti yaliwalegea mpaka mafundi wa umeme, ikabidi wasimamishe kazi. Utakapoiona angalia yule mnyongaji anavyoandaa chumba, anajaribu mtambo, anaweka trei ya plastiki chini ya mlango wa sakafuni. Trei hiyo itakukaa kichwani.

Cannes 1988 walipata Tuzo ya Jopo la Majaji, na mwaka huo huo filamu ikawa ya kwanza kabisa kushinda tuzo ya filamu bora ya Ulaya. Mtu wa mwisho kunyongwa Poland alinyongwa Aprili 1988, filamu ikiwa imeanza kuonyeshwa Machi. Baada ya hapo hawakunyonga tena, na sheria mpya ya jinai ya 1997 ikaifuta adhabu yenyewe. Sisemi filamu ndiyo iliyofuta. Nasema ilikuwepo mezani wakati watu wakibishana.

Wakili wa Kijiweni

Hapa umenigusa. Tanzania mara ya mwisho kunyonga mtu ni 1994, Kenya ni 1987, wale wa jaribio la mapinduzi la 1982. Lakini vitabuni adhabu ipo na mahakama zinaendelea kuitoa. Huyo wakili kijana kwenye filamu anafanywa nini?

Mzee wa Fremu

@Wakili, anabaki na swali kama hilo hilo. Alikuwa kwenye mkahawa akisherehekea kufaulu siku ile ile kijana yuko meza nyingine anaandaa kamba. Baadaye anamuuliza jaji kama angetetea vizuri zaidi. Jaji anamwambia hotuba yake dhidi ya adhabu ya kifo ni bora kuliko zote alizosikia miaka mingi, ila hukumu isingeweza kuwa tofauti. Sisemi zaidi, kaione.

Jeli ya Njano

Mzee, mimi ni kameramani wa harusi na video za muziki hapa Dar. Swali la kifundi. Leo nikimletea mteja picha ya kijani hivyo ananirudishia hela. Huyu alipataje ujasiri? Na pili, kwa nini asitumie taa za rangi, ahangaike na vioo?

Mzee wa Fremu

La pili kwanza. Taa ya rangi inapaka kitu ulichokimulika. Filta inapaka hata hewa. Nje, mchana, Warsaw nzima, utamulika nini? Halafu kioo ulichokipaka mwenyewe unaweza kukisogeza wakati kamera inazunguka, giza likamfuata mhusika. Taa haifanyi hivyo bila lori la jenereta.

La kwanza ni gumu. Kwanza mteja wake alikuwa dola, na dola haikuwa inasubiri arusi iishe ilipwe. Pili, ile filamu ilitokana na Dekalog, mfululizo wa filamu kumi za televisheni, kila moja na amri yake katika zile Amri Kumi. Kieślowski alichukua makameramani tisa kwa filamu kumi. Piotr Sobociński peke yake ndiye aliyepewa mbili. Kila mmoja aliachiwa uhuru wa kuona kivyake. Idziak alipewa ya tano, usiue, na toleo lake refu ndilo hilo tulilolisema. Ukiambiwa "fanya utakavyo" na mtu anayekuamini, ujasiri unakuja wenyewe.

Nikirudi kwenye safari yake. Mwaka 1991 yeye na Kieślowski wakafanya La double vie de Véronique, wasichana wawili wanaofanana kama pacha, mmoja Poland mmoja Ufaransa, hawajuani. Mtu yule yule, filta zile zile za kutengeneza, safari hii akaenda kwenye dhahabu yenye ukijani kwa mbali. Warsaw ilikuwa maiti, hapa kila kitu kina joto la ngozi. Irène Jacob akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes. Nikiulizwa nioneshe kwamba rangi haina maana moja, naziweka hizi mbili mezani na kunyamaza.

Kisha 1993, Bleu, yaani samawati, ya kwanza ya zile filamu tatu za Kieślowski zenye majina ya rangi za bendera ya Ufaransa. Juliette Binoche ni mama aliyepoteza mume na mtoto kwenye ajali ya gari na anataka asiwe na kitu wala mtu. Taarifa ya msiba anaipokea akiwa kitandani, na sisi hatumuoni daktari ana kwa ana. Tunamuona ndani ya jicho la mgonjwa. Fremu nzima ni jicho, na ndani ya mboni kuna mtu mdogo anayezungumza.

Halafu ile sukari. Yuko mkahawani, anayemtaka amemfuata mpaka pale, na yeye anachovya kidonge cha sukari kwenye kahawa akiangalia kinavyoloa. Kieślowski alieleza kwamba kidonge kilitakiwa kiloe kwa kama sekunde tano, kikichukua nane mtazamaji anachoka. Msaidizi akatumwa kujaribu aina za sukari mpaka ipatikane ya muda huo. Uzito wa jambo ni huu: mwanamke hataki kuiona dunia, kwa hiyo anaitazama sukari, na kamera inaingia naye humo. Mara kadhaa muziki wa mtunzi Zbigniew Preisner unalipuka, picha inazimika kuwa nyeusi, kisha inarudi sekunde ile ile tuliyoiacha. Mhusika ameulizwa swali, dunia imezimika ndani yake, amerudi, muulizaji hajui kitu.

Venice waliipa Simba wa Dhahabu wakigawana na Short Cuts ya Robert Altman, Binoche akapata tuzo yake, na Idziak ya kwake ya upigaji picha.

Zile nyingine mbili hakupiga yeye. Nyeupe ni Edward Kłosiński, nyekundu ni Piotr Sobociński. Kieślowski akafariki Machi 1996 akiwa na miaka 54.

Binti Forodhani

Bleu nimeitazama ughaibuni nikiwa peke yangu na sikulala. Kipande cha kukwaruza vidole kwenye ukuta wa mawe, nilijishika mkono.

Mzee wa Fremu

Hicho kimetesa wengi, dada. Kamera iko karibu na ngumi kuliko na uso.

Baada ya hapo dunia ikamwita. Men with Guns ya John Sayles, 1997, imezungumzwa Kihispania na lugha za wenyeji. Gattaca mwaka huo huo: mapenzi yake na njano na kijani, sasa kwa ajili ya ulimwengu msafi kupindukia ambapo mtu anapimwa kwa damu. Walipiga sehemu kubwa kwenye jengo la serikali la Marin, California, lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright. Mwangalie Ethan Hawke anapojisugua ngozi asubuhi, rangi inafanya ngozi yake ionekane kama ushahidi. Mwaka uliofuata, I Want You ya Michael Winterbottom, kwenye mji wa pwani ya Uingereza, rangi nzito kuliko zote. Mimi binafsi naona pale alizidisha. Hadithi nyembamba, filta nene.

Na 2001 ikaja Black Hawk Down ya Ridley Scott, kuhusu mapigano ya wanajeshi wa Marekani Mogadishu. Akateuliwa Oscar ya upigaji picha, akashindwa na Andrew Lesnie wa Lord of the Rings. Filamu ikapata za uhariri na sauti.

Abdi wa Isli

Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo, nikingoja ufike hapa. Mimi ni Msomali wa Nairobi. Nikueleze vile sisi tunaiona hiyo picha.

Imepigwa Morocco, Salé na Rabat. Sawa, Mogadishu ya 2001 hakuna bima ingekubali. Lakini hakuna mwigizaji Msomali mwenye jina ndani yake. Siku mbili zile, tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, wanajeshi 18 wa Marekani walikufa kwenye mapigano, na kila mmoja kwenye filamu ana jina, wengine wameandikwa mpaka kwenye kofia. Wasomali waliokufa ni mamia. Kwenye filamu ni watu wanaotoka vumbini wakikimbia na bunduki, wanaanguka, wanatoka wengine.

Sasa wewe umetusifia kijani. Ile kijani ya Warsaw ilipokuja kwetu ilifanya nini? Ilifanya mji wa bibi yangu uonekane una ugonjwa. Mogadishu ni mji wa pwani, maze, kuna jua jeupe na bahari ya samawati. Bibi anatoka Barawa, wanaongea Chimwiini pale, kamuulize kama aliwahi kuona jua la rangi ya nyongo.

Kibatari

Duh. Uzi umenoga.

Jeli ya Njano

Abdi ana hoja. Hollywood ikienda Meksiko inaweka njano, ikienda Afrika inaweka kahawia. Traffic ya 2000 ilifanya hivyo wazi, Meksiko yote kama tumbaku, Marekani samawati safi.

Mzee wa Fremu

Abdi kaka, karibu, na nashukuru umesema. Nitajibu kwa vipande.

Kuhusu rangi: kule Warsaw alipaka kijani watu wote. Muuaji, dereva, jaji, padri, mnyongaji, mtoto anayepita. Nchi yake mwenyewe, hakumwacha mtu. Ndiyo maana haikuwa tusi. Kwenye Black Hawk Down pia hakutenga sana: kambi ya Wamarekani nayo ina ukijani na samawati, na nyuso zao usiku zimekufa rangi vile vile. Mwanzo kabisa wa filamu, ile sehemu ya njaa na maiti, ni samawati ya baridi. Kwa hiyo si mtindo wa Traffic wa kupaka upande mmoja.

Lakini kuhusu nyuso nakubaliana nawe. Umati hauna sura, na hilo si suala la filta. Mswada haukuwaandikia sura. Kameramani anamulika aliyepewa. Ukipewa watu mia wanaokimbia kwa sekunde mbili, utamulika nini, mguu?

Abdi wa Isli

Wacha, wacha. Si ni wewe umeandika hapo juu kwamba Łódź kameramani anaisoma hadithi ikiwa karatasi, anaipinga, ni mwenye picha? Kieślowski alipomletea kitu kigumu aliweka sharti. Kwa nini kwa Ridley Scott hakuweka sharti? Ama uandishi mwenza unaisha uwanja wa ndege?

Wakili wa Kijiweni

Shahidi amebanwa.

Mzee wa Fremu

Nimecheka, ila swali ni zito na ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa uzi.

Naona jibu ni ndiyo, kwa sehemu kubwa unaisha uwanja wa ndege. Filamu ya 1988 kundi ni dogo, mwongozaji na kameramani wanajuana miaka, hakuna pesa ya mtu ya kurudishwa. Black Hawk Down ni mamilioni ya dola, helikopta za kweli, jeshi la Marekani limetoa vifaa na watu, kamera nyingi zinazunguka kwa pamoja kwa sababu mlipuko haurudiwi. Scott mwenyewe ni mchoraji, anachora fremu zake kabla ya kufika. Idziak pale alipewa nafasi ya kuamua picha ionekaneje. Nafasi ya kuamua picha imwangalie nani hakupewa. Kwangu hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo sababu sehemu ya kazi yake ya nje, pamoja na uzuri wote, haifikii zile tatu za Kieślowski.

Angeweza kukataa? Angeweza. Hakukataa. Hapo mimi simtetei.

Abdi wa Isli

Hiyo naikubali zaidi ya ile ya filta. Ujue ilipotoka, Januari 2002, Mogadishu waliitazama kwenye vibanda, kopi ya wizi. Na kuna waliokuwa wakishangilia helikopta ikianguka. Kila mtu aliona filamu yake.

Binti Forodhani

Samahani wakubwa, mimi nina la kizembe. Yule mzee wa Kisomali aliyekaa anavuta siga, anahojiwa na jenerali, si ndiye Kingsley wa Harry Potter?

Mzee wa Fremu

Dada hilo si la kizembe hata kidogo! Ndiye. Anaitwa George Harris, mzaliwa wa Grenada. Kwenye Black Hawk Down ni Osman Atto, kwenye Harry Potter ya tano ni Kingsley Shacklebolt. Kameramani wa zote mbili ni Idziak.

Na linatusaidia kwenye ubishi wetu. Rudini mkaangalie mahojiano ya Atto. Ni chumba hafifu, lakini macho yake unayaona, moshi unauona, unaona anavyomdharau jenerali kwa upole. Kwa nini? Kwa sababu mswada ulimpa kiti, siga na maneno. Kamera ikakaa, mwanga ukamtafuta. Kwa hiyo Idziak alijua kumulika uso mweusi gizani.

Jeli ya Njano

Hapo niongezee kidogo, maana ndiyo kazi yangu ya kila wikiendi. Ngozi nyeusi haihitaji taa kali, inahitaji kitu cha kuakisi. Ukimpiga taa ya mbele unamchoma paji la uso na mashavu yanabaki shimo. Weka mwanga mpana pembeni, hata shuka jeupe lililopigwa taa, ule mng'ao unachora uso wenyewe. Sasa umati unaokimbia nje usiku huwezi kuuwekea shuka pembeni kila mmoja. Ila unaweza kuamua kamera isimame mbele ya mmoja. Abdi yuko sahihi kwamba hilo ni uamuzi.

Kibatari

Mzee, yuko hai? Anafanya nini siku hizi?

Mzee wa Fremu

Baada ya Harry Potter hakwenda tena sana kwenye mashine kubwa. Mwaka 2012 alipiga Die Vermessung der Welt ya Kijerumani, kuhusu mtu aliyetembea Amerika ya Kusini akipima kila kitu na mwingine aliyekaa nyumbani akipima kwa hesabu. Natalie Portman alipoongoza filamu yake ya kwanza ndefu, kutokana na kumbukumbu za utotoni za Amos Oz kule Jerusalem, ya 2015, alimchukua yeye. Ile ni ya vivuli na samawati ya majivu, tulivu sana.

Ila nguvu zake nyingi amezielekeza kufundisha. Ameanzisha Film Spring Open, warsha inayokusanya vijana wa filamu eneo la Kraków: waongozaji, makameramani, wahariri, wote pamoja. Wanapiga, wanaonyeshana, wanakosoana. Na ana gari alilolibuni, Cinebus, lenye vifaa vya kutengenezea filamu ndani yake, kikundi kidogo kinaingia kinaondoka nalo kwenda popote hadithi ilipo. Hoja yake ni kwamba kamera sasa ni ndogo na bei imeshuka, basi ile jumuiya ya Łódź inaweza kuundwa upya bila dola na bila studio.

Jeli ya Njano

Hilo gari ndilo tunalolihitaji huku. Sisi vifaa tunakodi kwa siku, saa kumi na mbili jioni mwenye kamera anapiga simu anataka kitu chake.

Wakili wa Kijiweni

Mleta uzi, na yule Mpolandi wa Spielberg je? Nilidhani ungeanza na yeye, ana Oscar.

Mzee wa Fremu

Janusz Kamiński. Ana Oscar mbili, Schindler's List na Saving Private Ryan. Sikuanza na yeye kwa sababu ni njia tofauti kabisa: aliondoka Poland 1981, shule ya filamu amesoma Chicago. Ni Mpolandi aliyejengwa na Marekani. Kwenye Ryan aliagiza lenzi ziondolewe ule utando wa kuzuia mng'ao ili picha ifanane na za wapiga picha wa vita wa 1944. Wengine wa Łódź ni Paweł Edelman wa The Pianist, na kijana Łukasz Żal wa Ida na Zimna wojna, zote mbili nyeusi na nyeupe, na zote zilifika uteuzi wa Oscar. Ida aliifanya pamoja na Ryszard Lenczewski. Kamiński atapata uzi wake nikipata muda, na humo mtanibana tena.

Binti Forodhani

Nina jioni moja tu wikiendi hii. Nianze na ipi? Bleu nimeshaiona.

Mzee wa Fremu

Véronique. Ile ya kuua iache mpaka siku una mtu wa kukaa naye, na msile wakati mnaitazama.

Abdi wa Isli

Mimi naenda na ya kuua leo leo. Nataka nione hiyo kijani ikiwa kwa wenyewe.